Mabua Yana Mwenyewe

Tarehe 3 Septemba 2014, Mfalme Willem-Alexander wa Uholanzi alifika Emmetsburg, mji mdogo wa wakulima katika jimbo la Iowa, Marekani, kushuhudia kufunguliwa kwa kiwanda. Jimbo hilo lilikuwa tayari limejaa viwanda vya kutengeneza ethanoli, pombe ya kuendeshea magari, kwa kutumia punje za mahindi. Hiki kilikuja kutumia kinachobaki shambani baada ya punje kuondoka: mabua, majani, maganda na magunzi. POET ya Marekani na DSM ya Uholanzi zilikuwa zimetumia takriban dola milioni 275 kukijenga, na kilikusudiwa kutoa galoni milioni 20 kwa mwaka, yaani lita milioni 75 hivi. Mwezi uliofuata kampuni ya Abengoa ya Hispania ilifungua chake huko Hugoton, Kansas. Oktoba 2015 ikawa zamu ya DuPont, katika mji uitwao Nevada humo humo Iowa, na kiwanda chake cha galoni milioni 30 kilitangazwa kuwa kikubwa kuliko vyote vya aina yake duniani. Abengoa ilifilisika na kiwanda chake kikauzwa mwaka 2016. DuPont ilifunga chake Novemba 2017. Emmetsburg ilisimamisha uzalishaji wa kibiashara mwaka 2019. Katika miaka mitano, vitatu vyote vilikuwa vimenyamaza.

Sababu zilizotajwa zilikuwa za kweli. Mafuta ghafi, yaliyokuwa yakiuzwa zaidi ya dola 100 kwa pipa katikati ya 2014, yalishuka hadi chini ya dola 30 mwanzoni mwa 2016, na hakuna nishati changa inayostahimili anguko la namna hiyo. Sera za Washington nazo ziliyumba. Lakini chini ya sababu hizo kuna kosa la hesabu lililokuwepo kabla ya jiwe la msingi kuwekwa, na ndilo linalotuhusu hata sisi tulio mbali na Iowa. Mradi mzima ulijengwa juu ya neno “taka”. Ilidhaniwa kwamba mabua ni takataka zinazongoja mtu wa kuziokota, kwa hiyo bei yake ni gharama ya kuziokota tu. Mabua hayajawahi kuwa taka. Yana mwenyewe, tena yana wenyewe kadhaa, na kila mmoja alipojitokeza kudai chake, faida ilizidi kupungua. Mali bila daftari hupotea bila habari, na mabua ni mali ambayo daftari lake halijawahi kuandikwa vizuri.

Ahadi ilivyozaliwa

Tukumbuke kwanza kwamba waliotoa ahadi ya mabua walikuwa wakikimbia dhambi halisi. Marekani ndiyo mkulima mkubwa wa mahindi duniani, na leo zaidi ya theluthi ya mavuno yake hupitia kwenye viwanda vya ethanoli, ingawa sehemu ya makapi hurudi kuwa chakula cha mifugo. Januari 2007 maelfu ya watu waliandamana Mexico City kupinga kupanda kwa bei ya tortilla, chapati za mahindi ambazo kwa Mmexico ni kama ugali kwetu, na wengi waliinyoshea kidole ethanoli ya jirani wa kaskazini. Mwaka uliofuata bei za nafaka zilipaa dunia nzima. Swali likawa la kimaadili kabla halijawa la kiuchumi: ni haki gani inayompa mwenye gari kuchoma chakula cha asiye na gari? Mabua yalionekana kulijibu swali hilo kwa urahisi wa kupendeza. Binadamu hali bua. Basi punje iende mezani na bua liende kwenye tangi, na ugomvi uishe.

Rais George W. Bush aliipa hoja hiyo mhuri wa taifa katika hotuba yake ya Januari 2006, aliposema ethanoli ya mabua, vipande vya miti na nyasi ingeweza kushindana sokoni ndani ya miaka sita. Mwaka mmoja kabla ya hapo, utafiti wa wizara za nishati na kilimo za nchi hiyo ulikuwa umekadiria kwamba ardhi ya Marekani inaweza kutoa zaidi ya tani bilioni 1.3 za malighafi ya mimea kila mwaka, kiasi cha kuchukua nafasi ya asilimia 30 ya mafuta ya petroliamu yaliyotumika wakati huo. Miongoni mwa masalia ya mazao, mabua ya mahindi ndiyo yaliyoongoza. Desemba 2007 ikapitishwa sheria iliyotaka galoni bilioni 36 za nishati ya mimea ifikapo 2022, na bilioni 16 kati ya hizo zitokane na selulosi, yaani sehemu ngumu ya mmea isiyo chakula. Mwaka huo ulipofika, kiwango cha selulosi kilichowekwa na serikali kilikuwa kimeshushwa hadi galoni milioni 630. Hata hizo kwa sehemu kubwa hazikuwa ethanoli ya mabua bali gesi inayokusanywa kwenye madampo ya taka.

Kemia haikuwa adui mkuu

Ni rahisi kudhani kwamba sayansi ndiyo iliyoshindwa, lakini sivyo. Punje ya hindi ni wanga, na wanga ni mnyororo wa sukari ambao hata mate ya mtu huanza kuukata pale tonge linapotafunwa. Bua nalo ni sukari. Zaidi ya nusu ya uzito wake mkavu ni selulosi na hemiselulosi, minyororo ya sukari iliyofungwa kwa namna nyingine. Selulosi imejengwa kwa sukari ile ile ya wanga. Kinachotofautiana ni jinsi punje moja ya sukari inavyoshikana na nyingine, na tofauti hiyo ndogo ndiyo inayotufanya tushibe ugali na tushindwe bua. Juu ya hayo kuna lignini, gundi ngumu inayolisimamisha bua penye upepo na kuwazuia vijidudu wasiifikie sukari iliyo ndani. Kiwanda cha mabua kwa hiyo kina kazi tatu ambazo kiwanda cha punje hakina: kulilegeza bua kwa mvuke na kemikali, kuikata minyororo kwa vimeng'enya, kisha kuzigeuza sukari zote kuwa pombe, zikiwemo zile za hemiselulosi ambazo hamira ya kawaida haizigusi.

Kazi zote tatu zilipatiwa ufumbuzi, na historia yake inastahili heshima. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, mahema na nguo za pamba za jeshi la Marekani zilikuwa zikioza kwa kasi katika joto na unyevu wa visiwa vya Pasifiki. Kutoka kwenye turubai lililooza huko Visiwa vya Solomon ilipatikana kuvu yenye uwezo wa ajabu wa kula selulosi. Watafiti Elwyn Reese na Mary Mandels, katika maabara ya jeshi huko Natick, Massachusetts, waliichunguza kwa miaka mingi, na leo inaitwa Trichoderma reesei kwa heshima ya Reese. Vimeng'enya vyake vikawa msingi wa tasnia nzima. Hamira nazo zilibadilishwa vinasaba ili zile sukari zilizokuwa zikizikataa. Kilichokuwa tatizo la vita kikageuzwa kuwa chombo cha amani, na mabua yakatoa ethanoli kweli. Tatizo lilikuwa nje ya ukuta wa kiwanda, kwenye njia inayotoka shambani.

Robota moja kila dakika

Tupige hesabu ya Emmetsburg. Kiwanda kilihitaji takriban tani 700 za mabua kila siku, na robota kubwa la mabua lina uzito wa nusu tani hivi. Hayo ni marobota 1,400 kwa siku, karibu robota moja kila dakika, usiku na mchana, mwaka mzima. Kila moja lingetoa lita 140 na kitu za ethanoli, na kwa kuwa nishati iliyomo kwenye lita ya ethanoli ni kama theluthi mbili ya ile ya petroli, robota zima lina thamani ya lita 100 hivi za petroli. Ndilo linalopaswa kukatwa, kukusanywa, kufungwa, kupakiwa, kusafirishwa, kuhifadhiwa, kufunguliwa, kusafishwa na kusagwa, kila hatua ikiunguza dizeli na kulipa mishahara. Punje ya mahindi imeshiba, ni nzito, inatiririka kama maji na hukaa ghalani mwaka mzima bila manung'uniko. Bua ni jepesi na limejaa hewa. Lori hujaa kabla halijabeba uzito wake.

Tena mabua hayangoji. Mavuno ya Iowa huanguka kati ya Septemba na Novemba, na nyuma yake kuna mvua baridi na theluji. Katika wiki chache hizo lazima malighafi ya miezi kumi na miwili ikusanywe, katika msimu ule ule ambao mkulima hana usingizi kwa kuvuna nafaka yake. Robota likilowa linaoza. Likikauka sana ni chakula cha moto. Na kwa kuwa mabua huokotwa chini, huja na mchanga. Mchanga huo uliwasumbua mainjinia kuliko kimeng'enya chochote: ulikwangua mashine za kusagia, ukaziba mabomba, ukasimamisha mitambo. Viwanda vya kwanza vilitumia miaka vikipambana na tope na nyuzi kwenye mlango wa kuingizia malighafi, huku maabara zake za kisasa zikingoja ndani. DuPont ilikuwa na mikataba na wakulima wapatao 500 wa maeneo ya jirani ili kupata tani 375,000 kwa mwaka. Huyo ndiye mwenyewe wa kwanza aliyejitokeza, mkulima, akidai malipo ya muda wake, ya kukanyagwa kwa shamba lake na magurudumu mazito, na ya virutubisho vilivyoondoka ndani ya robota. Kila tani ya mabua hubeba kilo kadhaa za naitrojeni na potasi, na zisiporudi, mwaka unaofuata zitanunuliwa dukani kama mbolea ya chumvichumvi, ambayo naitrojeni yake hutengenezwa kwa gesi asilia. Mafuta tuliyoyafukuza mlangoni hurudi dirishani.

Udongo nao unakula

Mwenyewe wa pili hana sauti, na deni lake huchukua miaka kuonekana. Ni udongo. Mabua yakilala shambani huvunja nguvu ya matone ya mvua, huzuia maji yasibebe tabaka la juu, hupunguza kukauka kwa ardhi, na yakioza hulisha minyoo, kuvu na bakteria wanaotengeneza mboji. Mboji ndiyo inayoshika maji na virutubisho. Ukiondoa mabua, humwibii mmea wa leo. Unamwibia wa miaka kumi ijayo. Mwaka 2007 watafiti wa wizara ya kilimo ya Marekani, Wally Wilhelm na wenzake, waliuliza swali ambalo wajenzi wa viwanda walipaswa kuanza nalo: ni mabua kiasi gani yabaki ili shamba lisipoteze? Walionyesha kwamba kiasi kinachotosha kuzuia mmomonyoko hakitoshi kulinda kaboni ya udongo. Ili kuilinda kaboni hiyo zinahitajika kati ya tani 5 na 12 za mabua kwa hekta, kutegemea shamba linalimwaje na mahindi yanapishana na zao gani. Anayepiga plau kila mwaka anahitaji kuacha mengi zaidi kuliko anayepanda bila kutifua.

Uzito wa matokeo hayo unaonekana ukitazama ardhi yenyewe. Udongo mweusi wa nyanda za kati za Marekani ni miongoni mwa udongo wenye rutuba kubwa duniani, ulioundwa na mizizi ya nyasi kwa maelfu ya miaka. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021 na Evan Thaler na wenzake wa Chuo Kikuu cha Massachusetts ulikadiria kwamba karibu theluthi moja ya ardhi inayolimwa katika ukanda huo wa mahindi imeshapoteza kabisa tabaka lake la juu lenye mboji, hasa kwenye miinuko. Hasara hiyo imetokea kwa karne moja na nusu ya kulima, wakati mabua mengi yakibaki shambani. Anayependekeza kuyaondoa anapendekeza kuchota kwenye mtungi ambao tayari unavuja.

Kuna pia hesabu ya hewa. Mwaka 2014, wakati Emmetsburg ikijiandaa kufungua milango, Adam Liska wa Chuo Kikuu cha Nebraska na wenzake walichapisha katika jarida la Nature Climate Change makadirio kwamba, ukihesabu kaboni inayopotea kwenye udongo, ethanoli ya mabua katika miaka yake ya mwanzo inaweza kutoa gesi joto asilimia 7 zaidi ya petroli. Serikali na kampuni ziliyapinga vikali, zikisema yamechukulia kwamba mabua yangeondolewa bila uangalifu ambao wakulima halisi wangekuwa nao, na kwamba hayakuzingatia umeme unaopatikana kwa kuchoma lignini iliyobaki kiwandani. Pingamizi hizo zina uzito, na sioni sababu ya kuishikilia ile asilimia 7 kama msahafu. Lakini hata wapinzani wake hawakukana kiini cha jambo: kaboni ya udongo ni safu ya daftari, na mpango ulioiacha wazi haukuwa umekamilisha hesabu.

Yanayopingwa, na majibu yake

Mtetezi makini wa mabua atasema kwamba Iowa ina mabua ya ziada kweli kweli. Hoja hii naikubali. Shamba zuri la huko hutoa zaidi ya tani 12 za punje kwa hekta, na kwa kila tani ya punje hubaki karibu tani moja ya masalia. Mrundikano huo huchelewesha udongo kupata joto majira ya kuchipua na huwalazimisha wakulima kutifua ili kuuzika, jambo lenye madhara yake. Wasimamizi wa Emmetsburg waliwaelekeza wakulima wachukue kama robo tu ya masalia, na majaribio ya watafiti wa serikali wa huko Iowa hayakuonyesha madhara makubwa kwa mavuno pale ardhi ilipokuwa tambarare, yenye rutuba, na uondoaji ukawa wa kiasi. Basi kuna mabua yanayoweza kuondoka. Ila tazama masharti yaliyofuatana: ardhi tambarare, rutuba nyingi, mavuno makubwa sana, kutifua kidogo, robo tu. Kila sharti linapunguza eneo linalofaa, na eneo likipungua lori linasafiri mbali zaidi kulijaza lile tumbo la tani 700 kwa siku. Uangalifu kwa udongo na njaa ya kiwanda kikubwa vinavutana, na katika mvutano huo aliyekopa mamia ya mamilioni ya dola ndiye mwenye mkono wenye nguvu.

Wengine husema kila teknolojia huanza ghali; paneli za jua nazo zilichekwa. Ulinganisho huu unapotosha. Paneli ilishuka bei kwa sababu ni kitu cha kiwandani, na kila kizazi cha mashine kiliitengeneza kwa gharama ndogo zaidi, huku jua likifika juu ya bati lenyewe bila kubebwa. Vimeng'enya vya mabua navyo vilishuka bei kwa njia hiyo hiyo. Ila robota halijifunzi. Uzito wake, unyevu wake na umbali wake kutoka kiwandani vitakuwa vile vile mwaka kesho, na bei ya dizeli haishuki kwa sababu mtafiti amepata hamira bora. Penye mabua, sehemu inayoweza kushuka bei imeshashuka sana, na iliyobaki ni kazi ya kilimo na uchukuzi, ambayo ni kongwe kama mavuno yenyewe.

Hoja ya tatu ni kwamba ndege na meli haziwezi kuendeshwa kwa betri karibuni, kwa hiyo tutahitaji nishati ya mimea tupende tusipende. Ni kweli, na ndiyo maana siandiki kwamba masalia yote yaachwe. Naandika kwamba tuchague yapi. Huko Brazili, kampuni ya Raízen hutengeneza ethanoli kwa makapi ya miwa, na makapi hayo yana sifa ambayo mabua hayana: yanafika kiwandani yenyewe, ndani ya muwa uliokwenda kukamuliwa, na gharama ya safari imeshalipwa na sukari. Huko Panipat, India, shirika la Indian Oil lilifungua mwaka 2022 kiwanda cha kutumia tani laki mbili za majani ya mpunga kwa mwaka. Majani hayo kwa kawaida huchomwa moto mashambani na moshi wake kuisonga Delhi kila mwisho wa mwaka. Yakiwa yanachomwa, udongo haukuwa ukipata sehemu kubwa ya kaboni yake. Hapo kiwanda kinaunyang'anya moto, hakilinyang'anyi shamba. Makapi ya miwa na majani ya kuchomwa ndiyo masalia yanayokaribia kweli kuitwa taka. Bua lililolala juu ya udongo likiulinda halimo katika kundi hilo.

Kutoka Iowa hadi Iringa

Mjadala huu ungeweza kubaki wa Wamarekani kama tusingekuwa watu wa mahindi. Kuanzia Iringa, Mbeya na Rukwa hadi Trans Nzoia na Uasin Gishu, masalia yanayoonekana kwa wingi zaidi baada ya mavuno ni mabua, na kila mara nishati mbadala inapotajwa huwa hakosi mtu wa kuyaonyesha kidole. Tanzania ina mkakati wa nishati safi ya kupikia wa mwaka 2024 hadi 2034, unaolenga asilimia 80 ya wananchi waitumie ifikapo mwisho wake, na mkaa mbadala unaotengenezwa kwa masalia ya mazao ni miongoni mwa njia zinazozungumzwa. Lengo ni jema, kwa sababu moshi wa jikoni unaua. Tunazo pia kumbukumbu za karibu za nishati ya mimea iliyokuja kwa kishindo: mashamba ya mibono ya Kisarawe na Kilwa, ambako ardhi ya vijiji ilitolewa kwa ahadi za ajira na dizeli ya kijani, na kabla ya miaka mingi kupita wawekezaji wakaondoka.

Sasa iwekeni hesabu ya Wilhelm juu ya shamba la hapa. Mavuno yetu ya wastani ya mahindi huzunguka tani 2 kwa hekta au pungufu, na masalia yake ni takriban kiasi hicho hicho. Vipimo vya nyanda za Marekani haviwezi kuhamishwa kama vilivyo hadi kwenye udongo wa tropiki, ambako joto huozesha mboji haraka zaidi. Lakini kama ardhi nono ya Iowa inahitaji kuachiwa tani 5 au zaidi ili isirudi nyuma, ni ziada gani itakayopatikana kwenye tani 2? Mkulima wetu wa wastani hana mabua ya kuuza. Ana upungufu wa mabua, na upungufu huo ni sehemu ya sababu ya mavuno yake kuwa madogo. Wataalamu wa kilimo hifadhi wanaohimiza matandazo wanalijua hili vizuri: kikwazo chao cha kwanza kijijini ni kwamba mabua yameshagawanywa. Mengine yamekwenda jikoni, mengine kwenye uzio, na mengi yamekwenda kwa ng'ombe.

Huyo ng'ombe ndiye mwenyewe wa tatu, na ndiye anayetufundisha zaidi. Tumbo lake la kwanza limejaa vijidudu wanaofanya, kwa joto la mwili tu, kazi ambayo kiwanda cha Nevada kilihitaji amonia, mvuke na zaidi ya dola milioni 200 kuifanya: kuvunja selulosi. Kwenye miteremko ya Kilimanjaro, mabua hupandishwa kutoka mashamba ya tambarare hadi vihambani, yaani mashamba ya nyumbani, kulisha ng'ombe wa zizini. Yanatoka maziwa na samadi, na samadi inarudi kwenye migomba na kahawa. Palipo na mtambo wa biogesi, samadi hiyo hupitia kwanza kwenye tangi, inatoa moto wa kupikia, halafu tope lake linamwagwa shambani likiwa bado na naitrojeni, fosforasi na potasi yake. Bua limetoa chakula, nishati na mbolea bila kusafiri zaidi ya mkokoteni mmoja. Mzunguko huo una vikwazo vyake, kwani mtambo una bei, unahitaji maji na unahitaji ng'ombe anayeshinda zizini, na si kila kaya inavyo. Pia kaboni fulani hupotea njiani. Lakini daftari lake limeandikwa pande zote mbili, kilichotoka na kilichorudi.

Inafaa kujua kwamba hata Nevada imejongea upande huo. Kiwanda cha DuPont kilinunuliwa mwaka 2018 na kampuni ya Kijerumani iitwayo Verbio, ambayo iliachana na mpango wa kugeuza bua kuwa ethanoli peke yake na ikaanza kuliozesha kwenye matangi kutoa gesi, huku kinachosalia kikirudishwa mashambani kama mboji. Yaani baada ya anguko kubwa, bua la Iowa lilipitishwa katika njia inayofanana na ile ya zizi la Kilimanjaro, kwa kipimo cha kiwanda.

Kwa hiyo atakapokuja mwekezaji Kitale au Njombe, na atakuja, akisema ananunua taka zenu za mahindi, asifukuzwe. Aulizwe. Je, anataka magunzi yaliyokwisha kurundikana kwenye mashine za kupukuchulia, au anataka mabua yaliyolala shambani? Shamba analolitaka linavuna tani ngapi kwa hekta, na limeinama kiasi gani? Ng'ombe wa kijiji watakula nini kiangazi? Na zaidi ya yote, baada ya lori kuondoka, ni kitu gani kitakachorudi shambani, kiasi gani, kwa gharama ya nani? Majibu yaandikwe kwenye mkataba kabla ya bei ya robota. Iowa ilikuwa na ardhi nono, barabara nzuri, maabara bora na mfalme aliyehudhuria ufunguzi, na bado kuruka maswali hayo kuliigharimu. Sisi wenye tani 2 kwa hekta tutakosea tukiuacha udongo udai mwishoni, na udongo hulipisha kwa njia moja tu, mavuno ya watoto wetu.